Mshono wa Saba

Kishimo kilikuwa palepale. Subilaga Mwaseba alishusha miwani hadi ncha ya pua, akainamia kioo cha ultrasaundi na kuhesabu kimoyomoyo. Huyu alikuwa wa kumi na saba. Wanawake kumi na saba, na kila mmoja alikuwa na kishimo kidogo cha pembe tatu katikati ya kovu la kizazi, upande wa ndani, kama vile kuna mtu aliyepita na kalamu akiweka alama.

"Kosa la binadamu hutangatanga," alisema. "Leo huku, kesho kule. Kosa linalokaa mahali pamoja lina mwenyewe."

Mhandisi Zubeda Shekilindi aliendelea kukikodolea kioo macho. Yeye ndiye aliyeshika kipimo juu ya tumbo la mama mjamzito, akiwa amejikunyata kwa baridi. Alikuwa ametoka Tanga na masweta mawili akidhani yanatosha, lakini Ngwilo ikanyesha siku nne mfululizo ili kumwonyesha kwamba hayatoshi.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza mama aliyelala kitandani. Jina lake lilikuwa Tumpe, fundi cherehani wa Kasyeto, na mimba yake, ya pili, ilikuwa na wiki thelathini na nane. "Mtoto anacheza?"

"Anacheza mno," alisema Subilaga. "Mwanao hana neno."

"Na mimi?"

Zubeda aliwahi. "Majibu yako yatakuja pamoja na ripoti, dada. Huu ni utafiti tu."

Tumpe alijifuta tumbo, akavaa, na kabla ya kutoka akawaonyesha kadi aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni kama hati ya shamba. Kadi iliandikwa kwa herufi za kijani: MSHONO IMARA. Mwenye kadi hiyo aliruhusiwa kujifungua mtoto wa pili kwa njia ya kawaida, katika zahanati yoyote iliyo karibu na kwake. "Naondoka na gari la saa nane," alisema. "Nikipata uchungu sisumbuki kuja huku. Zahanati ni hatua mia mbili kutoka kwangu." Akaenda kukaa kwenye benchi la nje kungoja.

Subilaga aliitazama nafasi tupu ya kitanda. Mwezi uliopita, katika wilaya nyingine, mama mwenye kadi kama ile alichanika kizazi akiwa kwenye uchungu. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Hicho ndicho kilichomleta Zubeda milimani.

Na kilichomtoa Subilaga shambani kwake, miaka miwili baada ya kustaafu, ni kwamba mshono ule ulikuwa wake.

*

Kwa miaka tisa sasa, katika hospitali mia mbili na kumi na mbili, tabibu anayempasua mama akishamtoa mtoto na kondo la nyuma husogea pembeni. Mkono wa mashine hushuka kutoka darini, wenye vidole vitatu vyembamba na jicho moja, ukakifunga kizazi kwa dakika sita. Hauchoki, haupigi chafya, na haukatishwi kazi na kuitwa na mganga mkuu. Sakafuni kuna mstari mwekundu, na Mkono ukiwa kazini hakuna anayeruhusiwa kuuvuka.

Mkono haukubuniwa kutoka kwenye vitabu. Ulifundishwa. Watu wa kampuni iliyouunda, anakofanya kazi Zubeda, walizunguka nchi nzima wakitafuta mikono mizuri kuliko yote, wakaishia kwa daktari msaidizi mmoja wa Ngwilo ambaye alikuwa amewafanyia upasuaji akina mama elfu tisa, na makovu yao yalikuwa safi ajabu. Walimvalisha glavu za kusoma mikono, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kwa miaka miwili zikarekodi upasuaji mia sita na arobaini. Ndiyo maana picha ya Subilaga ilitundikwa katika kila chumba cha upasuaji, akitabasamu kama bibi harusi. Wajukuu zake walimtania kwamba anatazama matumbo ya nchi nzima.

Saa tano asubuhi Zubeda aliweka mezani ndoo iliyotoka machinjioni. Ndani yake kulikuwa na mfuko wa uzazi wa ng'ombe, wa moto bado. Aliukata sentimeta kumi, akaupanga chini ya taa, na kuuamuru Mkono ushone.

Subilaga hakuwahi kuutazama kwa karibu. Miaka yote alikuwa akikwepa, kwa aibu anayoijua mtu aliyewahi kusikia sauti yake mwenyewe redioni. Sasa alivuta kigoda na kuketi. Mkono ulianza pembe ya mbali, kama yeye. Ulizamisha sindano bila papara, kama yeye. Hata ule mtikisiko mdogo wa kifundo kabla ya kuchomoa, ambao mumewe marehemu alikuwa akiuona hata mkewe anapobandua chapati, ulikuwepo. Alijikuta anatabasamu.

Baada ya mshono wa saba Mkono ulisimama. Uliinuka kidogo, ukasogea kushoto, na vidole vikafunguka. Kisha vikarudi, vikashika uzi, na kazi ikaendelea.

"Hapo Mkono unafanya nini?" aliuliza Subilaga.

"Unapumzika," alisema Zubeda. "Sekunde kumi na moja. Ni kutoka kwako. Ziko kwenye rekodi zote mia sita na arobaini, mshono wa saba, mara chache wa nane. Tulijaribu kuliondoa hilo pumziko, ikawa mishono inayofuata inavurugika, tukalirudisha. Bosi wangu alisema pengine nyama inahitaji muda wa kutulia." Alikohoa. "Tumeliandikia hata makala."

"Nyama itulie," alirudia Subilaga, na kicheko kilimtoka kabla hajakizuia.

Lakini alikwisha kuchukua mkasi. Kizazi hufungwa kwa matabaka mawili: la kwanza linashika ukuta wa ndani, la pili linapita juu yake na kulifunika. Kwa nje kazi ile ilikuwa nzuri kuliko ya fundi yeyote aliyemjua. Akaupindua mfuko ndani nje. Kuanzia mshono wa nne hadi wa saba uzi wa tabaka la kwanza ulikuwa umelegea, na utando laini wa ndani ulikuwa umejipenyeza katikati ya kingo mbili ambazo zilipaswa kugusana. Kingo zisipogusana haziungani. Baada ya miezi hapo panabaki kishimo, na tabaka la pili limekificha.

"Nipe sindano," alisema.

Alipanga mfuko mwingine, akakunja mikono ya sweta, akaanza. Miaka miwili ya kupalilia migomba haikuwa imeviharibu vidole vyake. Moja, mbili, tatu. Zubeda alikuwa amesahau baridi. Alishika kidevu na kutazama kama mtoto anayetazama kinyonga akivuka njia. Sita. Saba.

Mkono wa kulia wa Subilaga uliinuka wenyewe. Ulisogea kushoto, juu ya meza, vidole vikafunguka, na uzi ukaanguka juu ya nyama.

Wote wawili waliutazama uzi.

"Umeuachia," alisema Zubeda.

"Sijauachia," alisema Subilaga polepole. "Nimempa."

"Umempa nani?"

*

Ngwilo walikuwa na desturi yao. Mtoto akishafutwa, mkunga alimleta na kumlaza shavuni kwa mama yake, na hapo hakuna aliyefanya kazi. Mgeni akiingia nyumbani, watu husimama. Hakuna mwenye adabu anayeendelea kupepeta mchele huku mgeni yuko mlangoni. Chumba kizima kilimsalimu kwa lugha ya nyumbani, "Ndaga, mgeni wetu", mama akacheka au akalia, ndipo kazi ikaendelea. Wageni kutoka hospitali kubwa waliwashangaa, lakini kwa kuwa makovu yao yalikuwa safi, waliwaacha.

Ilitokea karibu daima Subilaga akiwa kwenye mshono wa saba. Na si kweli kwamba kazi yote ilisimama. Upande wa pili wa meza alikuwepo Sista Melania Sanga, ambaye kwa miaka ishirini na mbili alipokea uzi katika mshono wa saba na kuushika mpaka salamu ziishe.

Siku watu wa kampuni walipokuja na glavu zao, Melania alizitazama kwa hamu, akauliza, "Na mimi nivae?" Subilaga alikuwa na furaha siku ile, na furaha ilikuwa imempanda kichwani. Alicheka mbele ya wageni. "Wewe unashika uzi tu," alisema.

Sasa, akiwa amesimama juu ya ndoo ya matumbo ya ng'ombe, maneno hayo yalimrudia na mlio wake wote, hata kile kicheko. Alimweleza Zubeda kuhusu Melania, akakiruka hicho kicheko.

"Ana simu?" aliuliza Zubeda.

*

Melania alikuwa Makete, shambani. Simu iliita sana ndipo akapokea.

"Kamwene, Dokta. Nimeona jina lako nikadhani umekufa, wananipa taarifa."

"Bado nipo. Sista, nataka nikuulize jambo la kazi. Ule uzi nilipokuwa nakupa, ulikuwa unaushikaje?"

"Baada ya miaka kumi na moja unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Nilivutia kwako. Chinichini, nikifuata mkato unavyokwenda. Si juu. Ukivuta juu, uzi unakata nyama, hasa kwa mama aliyekaa na uchungu siku mbili, maana kizazi chake kinakuwa laini kama ndizi iliyoiva. Kidole cha shahada nilikiweka juu ya mshono wa sita, kwa sababu pale ndipo unapoteleza. Damu ikinigusa kidole, nakwambia 'ongeza', nawe unaongeza mmoja. Hukumbuki nilikuwa nasema 'ongeza'?"

"Nakumbuka." Zubeda, aliyesikiliza kwa spika, alikuwa anaandika mbiombio nyuma ya karatasi ya vipimo.

"Basi ndivyo hivyo," alisema Melania. "Kwani huo Mkono wenu, nani anauambia 'ongeza'?"

Zubeda aliacha kuandika, akamtazama Subilaga.

"Nilidhani mnajua," Melania aliendelea, na sauti yake ilikuwa imepungua makali. "Niliona mmeweka mstari mwekundu watu wasisogee, nikasema, hawa wasomi bila shaka wametengeneza cha kushikia uzi."

"Melania. Siku ile ya glavu nilisema vibaya."

"Ulisema."

"Naomba unisamehe."

"Viazi vyangu vinanyeshewa, Dokta," alisema Melania. "Niambie unachotaka, nije lini." Na kabla Subilaga hajajibu, aliongeza, "Nimesikia. Hilo lingine nimesikia."

*

Ilipofika saa saba na nusu Zubeda alikuwa amekwisha kulipanga jambo zima kichwani. Alikuwa mtu mwema, na hoja zake zilikuwa za mtu mwema, ndiyo maana zilikuwa nzito.

"Mikono haiwezi kusimamishwa," alisema. "Hospitali nyingi hazina tena mtu anayejua kushona. Tukiizima leo, kesho tuna maiti. Lakini mchana huu huu naweza kutuma amri: Mkono ukifika mshono wa saba, muuguzi avuke mstari, ashike uzi kama Sista alivyoeleza. Wote wajao wako salama."

"Na waliopita?"

"Wenye kadi ni elfu sitini na moja." Zubeda alishusha macho. "Wengi hawatapata shida kamwe. Tukitangaza kwamba kuna vishimo kwenye vizazi, mama, watakimbia hospitali. Hata wale wa upasuaji wa kwanza. Watazalia majumbani. Wewe ndiye uliyenisimulia ilivyokuwa kabla ya Mkono."

Ni kweli alisimulia. Alikuwa amewafunga mashuka akina mama wengi kuliko alivyotaka kukumbuka, na alijua kwamba hofu huua haraka kuliko kishimo. Hilo lilikuwa upande mmoja. Upande mwingine ulikuwa na kadi za kijani elfu sitini na moja ndani ya mifuko ya nailoni, zikisema uongo kwa herufi kubwa. Na chini kabisa, mahali ambapo asingependa mtu apaone, palikuwa na picha ya ukutani. Ripoti ilikuwa na sehemu iliyoandikwa "Chanzo", na chanzo kilikuwa yeye, akicheka mbele ya wageni.

Aliitazama saa. Saa nane kasoro dakika kumi. Hesabu ya elfu sitini na moja ilikuwa kubwa mno kwake; hakuona jinsi ya kuimaliza. Lakini kwenye benchi la nje alikuwepo mtu mmoja, na gari lake lilikuwa linakuja.

"Mama, ngoja kwanza tuongee na makao makuu," alisema Zubeda.

"Ongea nao," alisema Subilaga, akatoka.

*

Tumpe alikuwa anakula parachichi kwa kijiko. Alisogea kumpa nafasi.

"Mwanangu," Subilaga alianza, kisha akaona kwamba akizungukazunguka hatafika. "Kovu lako lina kasoro. Kadi yako inasema ni imara. Si imara. Ukiingia kwenye uchungu kule zahanati, kizazi kinaweza kuchanika."

Tumpe aliacha kijiko ndani ya parachichi.

"Mlisema utafiti."

"Tulisema. Ulikuwa unafichwa." Akamweleza yote: mshono wa saba, salamu za mtoto, mikono miwili iliyorekodiwa na miwili iliyosahaulika. Alimweleza na neno alilomwambia Melania, ingawa halikuwa la lazima.

Tumpe alisikiliza akiwa amekunja uso kama fundi anayesikiliza cherehani inayogonga. "Hilo nalijua," alisema mwishowe. "Uzi wa bobini ukilegea, juu mshono unauona mzuri, mteja anakusifu. Akigeuza nguo, ndani ni vitanzi vitupu." Akamgeukia. "Umejua tangu lini?"

"Kishimo nilikiona asubuhi. Chanzo chake nimekijua tangu saa sita."

"Sasa ni saa nane. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naogopa," alisema Subilaga.

Gari lilipiga honi getini. Tumpe alilitazama, akatazama tumbo lake, akatoa kadi kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka mapajani mwa Subilaga. Mfuko alibaki nao. "Kuna jirani yangu ana kadi kama hii," alisema. "Na wifi yangu. Nao mtawaambia, au mtangoja wapande gari?"

Subilaga hakurudi ndani kuuliza makao makuu wamesema nini. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mganga mkuu, akaomba kuunganishwa na kituo cha redio cha mkoa, akaieleza kasoro hewani, na alipoulizwa chanzo ni nini, alijitaja jina.

*

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Zubeda hakuwa amekosea. Wiki ile akina mama watatu waliokuwa wapasuliwe walitoroka wodini katika wilaya jirani. Wawili walirudi wazima, wa tatu aliletwa akiwa amevuja damu nyingi, akapona lakini kizazi kikaondolewa. Subilaga aliomba jina lake, akaliandika kwenye daftari, na hakumwambia mtu kwa nini. Redioni wapo waliomwita mharibu wa vizazi. Picha zake zilianza kushushwa ukutani. Na wanawake walikuja pia, kwa mamia, kila mmoja na kadi yake, kupimwa.

Ijumaa Tumpe alilazwa mezani, mgongo umechomwa ganzi, macho yapo wazi. Kijana wa zamu, tabibu Ambakisye, alimtoa mtoto wa kike aliyepiga kelele kabla hata hajamaliza kutoka. Mkono ulishuka. Sista Melania, aliyewasili jana yake na debe la viazi, aliuvuka mstari mwekundu kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Subilaga alisimama nyuma yake, amevaa tayari, asiye na kazi. Zubeda alikuwa pembeni na kalamu.

Mshono wa tano. Wa sita. Wa saba. Mkono uliinuka, ukasogea kushoto, vidole vikafunguka. Na safari hii uzi haukuanguka. Melania aliupokea na kuuvuta chinichini, kufuata mkato, kidole cha shahada juu ya mshono wa sita. Mkunga alimlaza mtoto shavuni kwa mama yake.

"Ndaga, mgeni wetu," walisema wote.

"Huo ni wa ngapi?" aliuliza Tumpe kutoka nyuma ya pazia, akilia na kucheka.

"Wa saba."

"Basi kazeni."

Sekunde kumi na moja ziliisha. Mkono ulirudi kuchukua uzi, na Melania hakuuachia. "Ongeza," aliuambia.

Mkono haukuwa na masikio. Ulivuta kidogo, ukasimama, ukawasha taa ya njano. Melania alitazama juu, si kwa Ambakisye, bali nyuma yake mwenyewe. Subilaga alichukua sindano, akazamisha mshono mmoja pale kidole kilipoonyesha, na damu iliyokuwa inachuruzika ikakauka. Ndipo Melania alipoukabidhi uzi kwa Mkono.

Baadaye, Tumpe alipokwisha kupelekwa wodini na mama mwingine anaandaliwa, Zubeda aliingia na sanduku. Ndani mlikuwa na glavu za kusoma mikono, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, jozi mbili.

Sista Melania alizitazama kwa muda. Hakuna aliyeweza kujua kama anatania.

"Na mimi nivae?" aliuliza.

Subilaga alichukua glavu ya kwanza, akaipanua mdomo kwa vidole vyake, akamshikia mpaka alipoingiza mkono wote.